Anza na spika, kisha valvu: kuiboresha amplifaya ya gitaa hapa Zanzibar

Assalamu alaykum. Walimu wetu wa muziki, wapiga gitaa wa taarab na wa bendi, mafundi redio, na nyinyi wanafunzi: ahsanteni kwa kufika. Mada ni kubadilisha spika za amplifaya ya gitaa na valvu zake, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani yake. Ni mada yenye mengi, kwa hiyo tuingie kazini moja kwa moja.

Swali ambalo mafundi huulizwa sana ni hili: "Nataka kutia valvu nzuri, nichukue zipi?" Mtu ana amplifaya ya wati 15 au 40, sauti haimridhishi, amesikia kuwa valvu za jina fulani zina utamu wake. Anakusanya pesa, anaagiza kutoka nje, anachomeka, na mabadiliko anayoyapata ni madogo mno kulinganisha na pesa alizotoa. Pesa zile zile angenunulia spika, sauti ingebadilika tangu pigo la kwanza. Ndiyo maana mpangilio wetu jioni hii ni spika kwanza, valvu baadaye, na humo kwenye valvu tutagusa umeme wenyewe unaotoka ukutani.

Spika yoyote ya gitaa ya maana ina kipimo cha desibeli, yaani sauti inayotoka ukiipa wati 1 na ukaisikiliza kwa umbali wa mita 1. Celestion G12M Greenback ni desibeli 98. G12M-65 Creamback ni 97. Vintage 30 ni 100. Tarakimu hizi zinaonekana kukaribiana, lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Amplifaya ya wati 15 iliyokuwa na spika ya 97, ukiiwekea ya 100, inatoa sauti ambayo ungeihitajia wati 30 kuipata kwa spika ya mwanzo. Hakuna valvu itakayokupa hivyo. Wati za amplifaya zimefungwa na transfoma zake mbili, ya umeme na ya kutolea sauti, na valvu ya bei kali haizitanui transfoma.

Kwa mpiga gitaa wa taarab jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa mpiga roki. Roki inaitafuta ile sauti inayopasuka. Taarab inataka noti iwe safi na ibaki safi hata ukumbi ukichangamka. Gitaa lako limekaa kati ya fidla, kanuni, akodiani au kinanda, na sauti ya mwimbaji iko juu ya vyote. Amplifaya ndogo yenye spika dhaifu utaifungua mpaka mwisho ili usikike, na hapo ndipo inapoanza kupasuka. Weka spika yenye desibeli zaidi, utarudisha kitufe nyuma na noti itabaki safi.

Lakini desibeli peke yake haitoshi. Vintage 30 ina sauti kubwa, ila imenyanyuka pale pale juu ya katikati ambapo fidla na sauti ya mwimbaji zinakaa. Kwa mtu anayepiga solo mbele ya ngoma nzito inafaa sana. Kwa mtu anayejazia nyuma ya mwimbaji, tunaona inagombana. Hapo spika ya aina ya Jensen C12N, wati 50, yenye juu iliyo wazi na isiyosukuma sana katikati, inaitoa kila noti peke yake. Haya ni maoni yetu. Masikio yako ndiyo yenye uamuzi, ila nenda usikilize pamoja na kikundi kizima. Spika iliyopendeza chumbani peke yake mara nyingi hupotea jukwaani.

Sasa wati za spika. Wati zilizoandikwa kwenye amplifaya ya valvu ni za sauti safi. Ikisukumwa mpaka ikapasuka kabisa, inaweza kutoa karibu mara mbili yake. Kwa hiyo ikiwa spika ni moja, chukua yenye wati mara moja na nusu hadi mara mbili ya amplifaya: wati 15 ipewe spika ya 25 au 30, wati 40 ipewe ya 60 au 75. Spika mbili zinazofanana hugawana mzigo nusu kwa nusu. Anayetia Greenback moja ya wati 25 kwenye amplifaya ya wati 40 ataipenda wiki ya kwanza, kisha koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika, itaungua.

Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ni jambo la kusimamia. Amplifaya ya valvu ina transfoma ya kutolea sauti inayotarajia omu maalumu, iwe 4, 8 au 16, na nyuma pameandikwa. Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, unapata 4; ukiziunga kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, unapata 16. Nne za omu 16, mbili mbili kwa mfuatano kisha sambamba, zinarudi 16. Ukiipima spika kwa mita usishangae kuona tarakimu ndogo kuliko ilivyoandikwa: ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7, ya 16 husoma 12 hadi 13, ya 4 husoma 3 na kitu. Mita inapima waya wa koili tu, na omu zilizoandikwa ni za spika ikiwa inapiga.

Na hili ndilo linaloua amplifaya nyingi: kuiwasha na kuipiga bila spika. Amplifaya ya transista ikikosa spika kwa kawaida haidhuriki. Adui yake ni waya kugusana. Ya valvu ni kinyume. Ikikosa mzigo, yaani spika, volti ndani ya transfoma ya kutolea sauti hupanda mno, cheche huruka kati ya pini za soketi, na varnishi ya waya wa transfoma hutoboka. Transfoma hiyo ndiyo kifaa ghali kupita vyote mle ndani, na kuipata hapa Unguja ni kuagiza na kungoja. Kagua waya wa spika na jeki yake kabla ya kila onyesho. Uwe waya wa spika hasa, nyuzi mbili nene. Waya wa kuungia gitaa una uzi mwembamba katikati, haukutengenezewa kazi hiyo, na ukikatika ndani hutauona.

Kufunga spika kuna adabu yake. Futa meza kwanza, isiwe na unga wa chuma hata kidogo, kisha tandika kitambaa. Tia alama waya wa chanya kabla hujaung'oa. Wakati wa kufungua skrubu shika bisibisi kwa mkono mmoja na mkono wa pili uweke katikati ya bisibisi na karatasi ya spika, maana sumaku inavuta. Bisibisi linaponyofoka kwenye skrubu haliangukii chini. Linakwenda upande wa sumaku na kutoboa karatasi kwa kishindo kimoja. Spika mpya ikishakaa, kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo, juu kulia kisha chini kushoto, mpaka zote zishike. Usikaze kwa nguvu za bega. Fremu ikipinda hata kidogo, koili itaanza kukwaruza kwenye sumaku. Jaribu hivi: weka vidole vya mikono miwili pande mbili za karatasi, sukuma polepole na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, legeza skrubu uanze tena.

Kabla ya kununua, pima kina. Spika mpya yenye sumaku kubwa huenda ikagonga transfoma au valvu zinazoning'inia juu yake. Na ukiwa na spika mbili, zijaribu kwa betri ya volti 1.5: gusa chanya kwa chanya, karatasi isukumwe mbele. Ikiwa moja inatoka mbele na nyingine inarudi nyuma, zimeungwa kinyume na sauti ya chini itakufa.

Jambo la kwetu hasa: kasha. Makasha ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao za unga uliogandishwa, na unyevu wa masika unazivimbisha. Skrubu hazishiki tena, ubao wa mbele unatikisika, na mtu anadhani spika imeharibika. Ikiwa ubao umevimba, katisha mwingine wa plaiwudi ya milimita 18 kabla hujatia spika mpya.

Tuje kwenye valvu, na tuanze na usalama.

Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 500 za mkondo wa moja kwa moja, na kapasita kubwa huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Zinaua. Kubadilisha valvu tu kwa nje hakuhitaji kufungua chasisi, lile sanduku la chuma lenye saketi: zima, chomoa, ngoja zipoe kama robo saa, badilisha. Kupima ndani ni kazi ya aliyefunzwa. Fundi, chomoa plagi, kisha toa umeme wa kapasita kwa resista ya kilo-omu 10 ya wati 10 iliyofungwa waya wenye klipu zilizofunikwa, upande mmoja chasisi, wa pili kwenye chanya ya kapasita, kwa sekunde kama 15. Halafu pima. Usiguse kitu mpaka mita isome chini ya volti 10, na upime tena baada ya dakika moja, kwa sababu kapasita hurudisha kidogo. Ikibidi kupima umeme ukiwamo, mkono mmoja mfukoni, miguu ndani ya viatu vikavu, na mtu mzima awe karibu anayejua swichi kuu iko wapi.

Valvu ndogo, za pini 9, ndizo nafuu na ndizo zenye nafasi ya kuchezea. Nyingi ni 12AX7, ambayo Ulaya huiita ECC83, na kipimo chake cha kukuza ni 100. Kuna ndugu zake wanaoingia soketi ile ile: 5751 ina 70, 12AT7 ina 60, 12AY7 ina kama 44, na 12AU7 iko chini ya 20. Aliyeelemewa na sauti inayopasuka mapema, na anataka usafi wa taarab, atoe 12AX7 ya mwanzo kabisa, ile iliyo karibu na tundu la gitaa, atie 5751. Kitufe cha sauti kitapata nafasi ndefu ya kuzunguka. Kubadilisha valvu za nyuma zaidi hakuna faida kubwa. Na valvu ndogo hazihitaji kupangwa upya. Ni kuchomeka tu.

Valvu ndogo inayolia kama kengele ukiigusa ni mbovu kwa kazi ya gitaa. Iwashe amplifaya, gonga kila moja kwa ncha ya kalamu ya risasi, taratibu. Zote zitatoa mlio mdogo. Ile inayopiga kelele au kuvuma ndiyo ya kutoa. Kagua pia ile rangi ya fedha juu ya kioo: ikiwa nyeupe, hewa imeingia, valvu imekufa.

Kuhusu majina: valvu mpya siku hizi zinatoka zaidi Urusi, Slovakia na China. Jina Mullard lilikuwa la kiwanda cha Uingereza. Valvu mpya zenye jina hilo zimetengenezwa Urusi. Si mbaya, ila usilipe bei ya za kale kwa kuona boksi.

Valvu kubwa ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapochoma vitu. Kila aina ina wati inazoweza kuzivumilia zenyewe kama joto: EL84 ni 12, 6V6GT ni 14, EL34 ni 25, 6L6GC ni 30. Valvu ikiwa imekaa tu, hakuna anayepiga, tayari mkondo unapita ndani yake, na mkondo huo ndio mafundi wanauita bayasi. Ukiwa mdogo mno sauti inakuwa kavu, yenye makali yasiyopendeza. Ukiwa mkubwa mno bamba la ndani, yaani anodi, linakuwa jekundu, na ukiliona hivyo izime amplifaya hapo hapo, usingoje wimbo uishe.

Baadhi ya amplifaya, hasa za EL84, hujipanga zenyewe kwa resista iliyo kwenye kathodi, yaani ncha ya valvu inayotoa mkondo. Hizo unachomeka jozi iliyolinganishwa, yaani valvu mbili zinazopitisha mkondo sawa, kisha unahakikisha. Tuseme valvu mbili zinachangia resista ya omu 130 na umepima juu yake volti 10.4. Gawa: miliampia 80 kwa zote mbili, 40 kwa kila moja. Toa kama 4 zinazopitia gridi ya skrini bila kufika kwenye anodi, zibaki 36. Ikiwa kati ya anodi na kathodi kuna volti 300, kila valvu inakula wati 10.8. Iko chini ya 12, ni salama.

Nyingine zina bayasi ya kupangwa. Mfano ni amplifaya kama Fender Hot Rod Deluxe, wati 40, valvu mbili za 6L6 na spika moja ya inchi 12 ya omu 8. Humu kuchomeka bila kupima ni kubahatisha. Hesabu ni hii: wati za valvu, mara asilimia uliyochagua, gawa kwa volti za anodi. Vitabu vingi husema asilimia 70 ndiyo mwisho. Kwa 6L6GC yenye volti 420, wati 30 mara 0.7 ni 21, gawa kwa 420, ni miliampia 50. Sisi kwa hapa tunashauri 60: wati 18, yaani kama miliampia 43. Sababu nitaieleza sasa hivi. Kupima kwenyewe kunafanywa kwa soketi ya kupimia inayokaa kati ya valvu na soketi yake, au kwa resista ya omu 1 iliyolehemewa kati ya kathodi na chasisi. Milivolti 1 ndiyo miliampia 1. Spika iwe imeungwa, vitufe vyote sifuri. Ngoja dakika 10, soma, zungusha kidogo, ngoja tena. Tofauti ya miliampia 3 au 4 kati ya valvu mbili inavumilika. Ikizidi hapo, mvumo unaongezeka na transfoma inaumia, rudisha jozi hiyo.

Sababu ya 60 ni umeme wetu. Unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kupitia Fumba na Pemba kutoka Tanga, na ukifika mwisho wa laini ya kijiji, au ukipiga kwa jenereta, volti zinapanda na kushuka. Chukua amplifaya iliyopangwa mchana volti zikiwa 220. Usiku wa manane, matumizi yamepungua, zikafika 245. Volti 420 za anodi zinakuwa 468, na hita, ule uzi unaoipasha valvu moto, ya volti 6.3 inafika 7.0, wakati kikomo chake ni asilimia 10, yaani 6.9. Valvu iliyokuwa kwenye asilimia 70 haina pa kukimbilia. Kwa hiyo fundi apime ukuta kabla ya kupanga bayasi, aandike tarakimu hizo pamoja na miliampia kwenye karatasi aibandike ndani ya kasha. Mwenye uwezo anunue stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Itaokoa valvu nyingi kuliko jina lolote.

Amplifaya za Marekani za volti 120 zinahitaji transfoma ya kushusha. Tazama wati zilizoandikwa nyuma, chukua transfoma yenye uwezo mara moja na nusu yake au zaidi, na waya wa ethi uendelee mpaka kwenye chasisi. Kumbuka umeme wao ni hezi 60 na wetu ni 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 pekee hupata moto zaidi, ikague baada ya nusu saa. Fyuzi ya plagi ya pini tatu badilisha, toa ya ampia 13, tia ya 3 au 5. Fyuzi ya amplifaya yenyewe iwe ile iliyoandikwa, ya aina ya kuchelewa, yenye herufi T. Karatasi ya sigara kuzungushia fyuzi ni kuchoma transfoma kwa mikono yako.

Kuna wanaotaka kubadilisha aina kabisa. EL34 inaingia soketi ya 6L6, lakini hita yake inakula ampia 1.5, ya 6L6 inakula 0.9. Jozi inaongeza ampia 1.2 kwenye transfoma ambayo huenda haikutayarishwa. Pini ya kwanza ya EL34 lazima iungwe na ya nane, ambapo kwa 6L6 pini ya kwanza haina kazi, na wengine wameitumia kushikilia waya mwingine. Kutia 6L6 mahali pa 6V6 ni hivyo hivyo: hita inakula mara mbili, kutoka 0.45 mpaka 0.9. Bila mchoro wa amplifaya mkononi, usifanye.

La mwisho ni chumvi. Upepo wa baharini unaingia kwenye soketi na jeki, kutu ya kijani inashika, na amplifaya inakatakata sauti. Kabla ya kulaumu valvu, safisha pini zake kwa spiriti ya aisopropili na kitambaa, na matundu ya soketi kwa brashi ndogo ya kusafishia katikati ya meno. Tundu lililolegea libane kwa sindano, umeme ukiwa umetolewa kama tulivyosema. Kasha lifunike kwa kitambaa kinene. Nailoni inafungia unyevu ndani na karatasi ya spika inaota ukungu.

Aliyekuja na amplifaya aisogeze kwenye meza hii pamoja na waya wake wa spika. Tutaanza kwa kupima omu za spika na volti za ukutani, kisha tutafungua moja na kupanga bayasi yake hatua kwa hatua, na maswali yaulizwe hapo hapo tukiwa kazini. Ahsanteni.